Paka Aliyelisusa Beseni Lake

Naanza kwa kuomba radhi. Najua wenzangu wa Chama cha Kiswahili wameandika juu ya ngeli, juu ya tenzi na juu ya mavazi ya harusi. Mimi nimekuja na habari za choo cha paka. Mwalimu mlezi wa chama alipoisikia mada yangu alicheka hadi akavua miwani, kisha akasema, "Haya, andika, lakini utumie tafsida." Nami nimekubali. Humu nitasema "haja ndogo" na "haja kubwa", na pale nitakapoteleza, kalamu nyekundu ya mwalimu inichape mimi, isimguse paka.

Maana paka mwenyewe ameshachapwa vya kutosha. Kaimati wetu, paka dume wa rangi ya hudhurungi iliyokolea kama kaimati iliyotoka mafutani, alikuwa amebakiwa na siku nne tu atiwe guniani, apelekwe akaachwe sokoni Kongowea ajitafutie vichwa vya samaki. Hakuiba nyama wala hakumkwaruza mtoto. Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni kulisusa beseni lake la mchanga na kujisaidia mahali pengine. Nami nimekuja kujua kwamba katika mji huu wetu wa Mombasa paka wengi waliohamia ghorofani pamoja na watu hufukuzwa kwa kosa hilo hilo, na wengi wao hawana kosa.

Zamani tulikaa Majengo, katika nyumba ya Kiswahili yenye ua nyuma. Uani palikuwa na mchanga na mpapai mmoja, na Kaimati alipotaka haja alikwenda chini ya mpapai, akafukua, akamaliza, akafukia. Hakuna mtu aliyemfundisha. Tulipohamia orofa ya tatu hapakuwa tena na ua. Nyanya akanituma ninunue beseni pana la plastiki, tukalitia mchanga laini wa ujenzi niliouchekecha na kuuanika juani, tukaliweka katika kijichumba cha stoo. Siku ya kwanza Kaimati alizunguka akilia. Usiku akaingia stoo, akanusa, akafukua, mambo yakaisha. Miaka miwili mizima hatukupata taabu.

Hapo nataka msomaji anielewe vizuri. Paka si kama mbwa, ambaye hufundishwa kwa muda mrefu. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye hata leo yumo nyikani humu Kenya. Ameishi na binadamu kwa muda mrefu sana. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba katika kisiwa cha Saiprasi wamefukua kaburi la miaka 9,500 hivi, mtu amezikwa na paka amelazwa karibu naye. Lakini pamoja na urafiki wote huo, desturi za nyikani hazikumtoka. Anakunywa maji kidogo na mkojo wake ni mzito. Huficha haja yake ardhini ili harufu isimtangaze kwa adui. Na anapochuchumaa ndipo anapokuwa hana kinga, kwa hiyo hutaka mahali laini panapofukulika, palipo kimya, ambapo ataweza kuona anayekuja na kupata njia ya kukimbilia. Ukimpa mahali hapo atapatumia bila kuhubiriwa. Ukimnyima, atapatafuta mwenyewe, na ghorofani atapapata wapi isipokuwa kitandani kwako?

Sasa turudi nyumbani. Dada yangu mkubwa aliolewa Malindi, na mimba yake ya kwanza ilipofika miezi saba alikuja kwetu ajifungulie kwa mama yake kama ilivyo ada. Stoo ikasafishwa ikawa chumba chake. Beseni la Kaimati likahamishiwa kona ya kufulia nguo, kando ya mlango wa jikoni. Sote tuliona ni uamuzi wa maana kwa kuwa hapo pana sakafu ya saruji na pako karibu na bomba. Hakuna aliyemuuliza Kaimati.

Siku ya tano Nyanya aliamka kuswali alfajiri, akatandika mswala, akapiga magoti, akahisi ubaridi. Hamadi! Mswala umelowa. Msomaji ambaye si Mwislamu nimweleze kwamba mkojo ni najisi. Paka mwenyewe si najisi. Hata yule sahaba aliyepokea hadithi nyingi, Abu Huraira, jina lake hilo la utani maana yake ni "baba wa kipaka", na tangu tukiwa wadogo chuoni tulifundishwa kuwa kumtesa paka ni dhambi kubwa. Lakini haja yake ndogo ikigusa nguo au mswala, pale hapaswaliki mpaka patoharishwe. Kwa hiyo Nyanya hakuudhika kwa uchafu tu, alikatiziwa swala yake. Hata hivyo alisema tu, "Labda amekosea njia, maskini." Siku mbili baadaye ikawa blanketi la Dada. Kisha rundo la nguo za kupigwa pasi, na juu yake shati langu la shule. Siku hiyo nilikwenda shule na shati la jana, na nikakaa dirishani kwa hofu.

Baba akakaa sebuleni, akatoa hukumu: "Mwisho wa mwezi, kama mchezo huu haujaisha, gunia." Baba si mtu mkatili, ila alikuwa amenunua blanketi lile siku si nyingi.

Ushauri ulianza kumiminika. Mjomba akaniambia kwamba dawa ya paka mkaidi ni kumsugua pua kwenye ule uchafu wake kisha kumzaba kofi moja. Nilifanya hivyo, na mpaka leo nikikumbuka naona haya. Kaimati hakupigana. Alijikunyata, masikio yamelala, akakimbilia uvunguni mwa kitanda na hakutoka hadi usiku. Tangu hapo akaanza kwenda haja nyuma ya kochi, mahali ambapo hatukupaona mpaka harufu ilipotuita. Baadaye nilielewa kwa nini. Paka hawezi kuunganisha kofi la saa mbili na jambo alilolifanya saa kumi na moja. Analojifunza ni kwamba wewe ni wa kuogopwa, na kwamba haja ifanywe mbali na macho yako. Basi ukimpiga unaongeza siri, huondoi tatizo.

Aliyeniokoa ni mwalimu wetu wa Bayolojia, ambaye kijijini kwao wanafuga paka. Nilipomsimulia hakucheka. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ni dume au jike?" Nikasema dume. "Anapochuchumaa, mkojo unatoka wa kutosha, au anakakamuka tu?" Sikujua. Akaniambia kwa uso mkavu nikaangalie jioni ile ile, na kama anakakamuka bila kutoa kitu nisingoje hata asubuhi.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye paka dume alikumbuke hata akisahau mengine yote. Mrija unaotoa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana. Chembechembe kama mchanga au ute unaotengenezeka kibofuni huweza kuuziba. Paka huyo utamwona anakwenda beseni mara kwa mara, anachuchumaa muda mrefu, matone mawili au hakuna kitu. Analia, anajilamba chini, baadaye anatapika, anakataa chakula, na tumbo linakuwa gumu. Watu husema amefunga choo, wakampa mafuta ya kula. Kumbe figo zimezuiliwa, sumu ambazo zingetoka kwa mkojo zinarudi damuni, potasiamu inapanda na moyo unaweza kusimama. Siku moja au mbili zinatosha kumuua. Hata asipozibika kabisa, kibofu kikiwa na uvimbe paka huumia anapokojoa, naye kwa akili yake hulaumu mahali alipoumia. Hulikimbia beseni kama vile mtu anavyokimbia kiti kilichomchoma msumari.

Kwa hiyo kabla hujamwita paka mkaidi, mwite daktari wa mifugo. Baba alitoa pesa kwa shingo upande. Nilimtia Kaimati kikapuni, nikamfunika kanga, tukapanda tuktuk, naye akalia njia nzima hadi dereva akaniuliza kama nimeiba mtoto. Daktari alimpapasa tumbo, akambonyeza kibofu taratibu, akasema ni laini. Akaniuliza kama hurusha mkojo ukutani akiwa amesimama na mkia umenyooka juu unatetemeka. Nikasema hapana, huchuchumaa chini, na dimbwi linakuwa kubwa. Akanieleza kwamba hayo ni mambo mawili mbalimbali. Anayerusha ukutani anaweka alama ya mipaka yake, na madume wengi huacha wakihasiwa. Kaimati alikuwa amehasiwa tangu mdogo. Anayechuchumaa na kumwaga dimbwi zima mahali pa laini hatangazi mipaka, anatafuta choo. "Huyu ni mzima," akasema. "Nenda kaangalie nyumba yenu."

Nikarudi na swali hilo kichwani: nyumba yetu ina nini?

Nilianza na usafi, kwa kuwa ndio uliokuwa rahisi. Hapa lazima nikiri kosa jingine, la Mama na langu. Kila mahali Kaimati alipochafua, sisi tulikuwa tukimwaga jiki. Tuliosoma mada ya utoaji taka mwilini katika kidato cha pili tunakumbuka urea. Mkojo ukikaa, bakteria huivunja urea ikatoa amonia, na ndiyo ile harufu ya kuwasha pua. Jiki ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho na kifua, na Dada na ujauzito wake alikuwa chumba cha pili! Mbaya zaidi ni kuchanganya jiki na siki, maana hapo hutoka klorini yenyewe. Kisha kuna zile dawa za kuulia viini ambazo zikitiwa majini hugeuka nyeupe kama maziwa. Nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja vizuri kama letu. Paka akikanyaga sakafu iliyopigwa dawa hiyo kisha akajilamba miguu, amejilisha sumu.

Na baada ya hatari zote hizo, harufu haikuwa imeondoka. Kwetu ilikuwa imeondoka, kwa Kaimati bado. Paka ana pua kali kuliko yetu, tena ana kiungo kingine cha kunusia juu ya kaakaa, na ndiyo maana wakati mwingine hunusa kitu kisha akabaki na mdomo wazi kama aliyesahau neno. Nyanya aliutoharisha mswala wake kwa maji hadi rangi na harufu vikatoweka kwa pua ya binadamu. Kwa sheria ukawa tohara. Kwa Kaimati ulikuwa bado na kibao kinachosema "choo hapa".

Njia tuliyoifuata baadaye ni hii. Kwanza nilifyonza unyevu kwa matambara makavu, nikiyakanyaga bila kusugua. Kisha maji baridi mengi. Kisha nililoweka kwa sabuni ya unga ya aina iliyoandikwa kuwa ina vimeng'enya, kwa kuwa hivyo huvunja kile kinachonuka badala ya kukifunika. Kochi, ambalo halilowekwi, nililipaka siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, mbali kabisa na jiki, nikaliacha likauke, nikanyunyiza magadi ya kuokea usiku kucha na kuyakung'uta asubuhi. Sebule ilinuka achari kwa siku mbili. Baba akauliza kama tunapika.

Usafi ulisaidia, lakini haukumaliza kazi. Nikafikiri labda ni mchanga. Nikaenda kwa fundi seremala nikaomba unga wa mbao, nikamwaga mchanga wote, nikajaza unga ule wenye harufu nzuri ya msonobari. Kaimati alinusa, akapiga chafya, akaondoka. Nilipomweleza mwalimu akanikaripia kidogo: nimebadilisha kitu ambacho mnyama hajakilalamikia. Alizaliwa mchangani, amezoea mchanga, nami namletea manukato. Nikarudisha mchanga.

Kwa njia, mchanga huu wa paka una kisa chake. Huko Marekani, katika jimbo la Michigan, mwaka 1947 bibi mmoja alimwendea jirani yake aitwaye Edward Lowe amwombe mchanga, kwa kuwa rundo lake lilikuwa limeganda kwa baridi. Alikuwa akitumia jivu, na paka wake akamjazia nyumba nyayo nyeusi. Lowe hakumpa mchanga, alimpa punje za udongo mkavu unaofyonza maji, ambao kwao ulikuwa ukitumika kukaushia mafuta yaliyomwagika viwandani. Bibi akaupenda, na Lowe akaugeuza biashara akatajirika. Leo udongo huo unauzwa hata katika maduka makubwa ya hapa Mombasa, ila kwa bei ambayo Baba aliitazama akairudisha rafuni bila neno. Mchanga laini, ukichekechwa na ukibadilishwa, haumdhuru paka.

Basi nikaamua kuandika. Nilichukua daftari kuukuu la Jiografia, nikapiga mistari: siku, saa, mahali, na nini kilitokea nyumbani kabla yake. Dada alinicheka akaniita karani wa paka. Katika siku kumi na moja Kaimati alikosea mara saba. Nilipoyatazama maandishi yangu nikaona jambo. Mara sita kati ya saba zilikuwa ni Jumatatu au Alhamisi, jioni au usiku wake. Ile ya saba ilikuwa Jumapili, siku tuliyokwenda harusini na mimi sikuondoa uchafu beseni tangu Ijumaa. Hiyo ilijieleza yenyewe. Nani kati yetu angeingia choo kisichomwagwa maji siku mbili?

Lakini Jumatatu na Alhamisi kuna nini? Nilifikiri juu ya chakula, juu ya mgeni, juu ya masomo ya Nyanya ya radio. Wapi!

Jibu lilikuja lenyewe Alhamisi, saa kumi na moja jioni, nikiwa mezani na kazi ya Hisabati. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nilimwona Kaimati akiingia kwenye beseni lake kwa heshima zake zote, akafukua, akageuka, akachuchumaa. Wakati huo huo ngazi zikavuma. Mwuza maji! Kwetu bomba hukauka mara kwa mara kama mnavyojua wenyewe, kwa hiyo Mama amepatana na kijana wa mkokoteni atuletee mitungi sita, kila Jumatatu na kila Alhamisi. Kijana akaingia na mtungi wa lita 20 begani, akautua sakafuni: ndu! Kisha wa pili: ndu! Mahali alipoitua ni kona ya kufulia. Kutoka mtungi hadi beseni ni mkono mmoja.

Kaimati aliruka kama aliyemwagiwa maji moto. Mchanga ukatapakaa hadi sebuleni. Akapita chini ya meza yangu, mkia umevimba kama brashi ya kusafishia chupa, akaingia uvunguni. Saa moja baadaye alitoka polepole, akafika mlango wa jikoni, akachungulia kule konani, akasimama. Kisha akageuka, akaenda chumbani kwa Nyanya. Sikumzuia, nilitaka kuhakikisha. Mswala ulikuwa umekunjwa juu ya kiti, akaukosa, akaenda kwenye zulia dogo la kando ya kitanda.

Nilisimama pale na daftari langu mkononi, nusu nacheka nusu nalia. Miezi hiyo yote sisi tulikuwa tukimwita mkaidi, naye alikuwa akienda chooni mara mbili kwa wiki na kukutana na mngurumo wa radi pembeni mwake. Hata siku ambazo mwuza maji haji, yeye angejuaje kwamba leo haji? Na kwa nini mswala, blanketi, nguo, zulia? Kwa sababu ndivyo vitu laini vilivyobaki nyumbani, na vyumba vile vilikuwa kimya.

Nilimweleza Baba usiku ule. Zilikuwa zimebaki siku nne mwezi uishe. Akasikiliza, akalipekua daftari, akauliza, "Sasa wataka tumfukuze mwuza maji?" Nikasema la, nataka beseni lihame. Lakini lihamie wapi katika nyumba ya vyumba vitatu na watu saba? Sote tukanyamaza. Nyanya, ambaye ndiye aliyekosewa kuliko wote, akasema kutoka kitini kwake, "Lileteni chumbani kwangu, pale nyuma ya kabati. Heri anijie chooni kuliko anijie mswalani."

Tukalihamisha usiku huo huo. Nilipata na beseni la pili kuukuu, kwa kuwa daktari alisema afadhali mabeseni yazidi idadi ya paka kwa moja: paka mmoja, mabeseni mawili. La pili tuliliweka mwisho wa ukumbi, mbali na mahali anapolia chakula, maana hakuna paka anayependa kula msalani. Beseni liwe refu kuliko paka mwenyewe, kama mara moja na nusu ya urefu wake bila mkia, aweze kugeuka. Mchanga kina cha vidole vitatu au vinne unatosha. Uchafu nauondoa kila siku nikitoka shule, mchanga wote namwaga mara moja kwa wiki na kuosha beseni kwa sabuni ya kawaida isiyonukia.

Wiki ile ya kwanza alikosea mara moja, nyuma ya kochi. Nadhani nililiosha vibaya. Baada ya hapo, hakuna. Tumemaliza mwezi wa tano sasa.

Sitamaliza bila kusema juu ya Dada, kwa sababu katikati ya vurugu hizo mkwe wake alipiga simu kutoka Malindi akasema paka na mja mzito hawakai nyumba moja, paka humharibia mtoto. Neno hilo lilikaribia kummaliza Kaimati kuliko mkojo wake wote. Na si uzushi mtupu. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho paka huweza kukitoa katika haja kubwa, na mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika. Lakini Dada alipouliza kliniki, muuguzi alimweleza vizuri. Mayai ya kijidudu hicho yakitoka kwa paka hayaambukizi papo hapo, huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hiyo beseni likisafishwa kila siku, na likasafishwa na mtu mwingine asiye mjamzito, hatari hupungua sana. Tena watu wengi huambukizwa kwa nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa, wala hawana paka. Akaambiwa asiguse beseni, aoshe mikono, na nyama iive. Hapo nami ndipo nilipoajiriwa rasmi, bila mshahara.

Nikaona pia upande wa pili wa jambo hili. Paka anayetumia beseni, uchafu wake uko mahali pamoja unapojulikana na kuondolewa. Paka aliyeogopeshwa akaacha beseni, uchafu wake uko nyuma ya kochi, na pengine unakaa wiki nzima bila mtu kujua. Kofi nililompiga Kaimati lingeweza kumfikia Dada.

Dada alijifungua mtoto wa kike, salama. Tuliogopa kwamba kilio cha mtoto kitamrudisha Kaimati kwenye mambo yake, kwa kuwa paka akiudhiwa na mabadiliko nyumbani huweza kuharibu tena hata kama beseni halina kasoro. Alikaa siku tatu juu ya kabati akitazama chini kwa mashaka, kisha akashuka.

Mwuza maji bado huja Jumatatu na Alhamisi, na bado anatua mitungi yake kwa kishindo. Usiku wa juzi niliamka saa nane kunywa maji. Nyumba ilikuwa kimya, mtoto amelala. Nikasikia kutoka chumbani kwa Nyanya, krrr, krrr, kucha zikifukia mchanga. Kisha sauti ya Nyanya gizani, "Ushamaliza? Haya, nenda ukalale."